Pikipiki ya Jua

Nyanjige aliisukuma pikipiki hadi nje ya uzio wa minyaa ndipo akaiwasha. Haikunguruma. Ilikuwa ya umeme, na hilo ndilo alilolitegemea. Ndani ya ua, wanaume wa ukoo wa marehemu mumewe walikuwa wanakunywa uji, wameipa barabara mgongo.

Binti yake Flora, wa miaka miwili, alikuwa amefungwa mgongoni kwa khanga. Chaji ilisoma asilimia thelathini na moja. Juzi na jana lilikuwa wingu tupu, na paneli ya kuichajia ilibaki juu ya bati. Angeipandiaje mbele ya wazee?

Alishika barabara ya vumbi ya kutoka Bukundi. Kwa mama yake, kule Maswa, ni mbali. Akaenda taratibu.

Jana wazee waligawa mali. Shamba la pamba, kwa kaka mkubwa. Pikipiki, ambayo yeye na mumewe Masele waliilimia misimu mitatu, na ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeibebea abiria, kwa Ngeleja, mdogo wa marehemu. Baadaye Ngeleja alimfuata jikoni.

"Shemeji, ufunguo unaweka wapi?"

"Ulipotea."

Ngeleja alimtazama kidogo, akaondoka.

Ilipobaki asilimia kumi na nne, alisikia mlio nyuma yake. Pikipiki ya mafuta. Kwenye kioo cha saiti mira aliona vumbi, kisha shati jekundu la Ngeleja. Juu ya bega lake kitu kiling'aa juani.

Panga, aliwaza.

Akakaza mkono. Tisa. Nne. Alipovuka korongo, pikipiki iliishiwa nguvu, ikasimama yenyewe katikati ya mbuga. Hapakuwa na nyumba, ila ng'ombe kwa mbali.

Alishuka, akamhamishia Flora kifuani, akaokota jiwe.

Ngeleja alizima injini hatua chache kutoka alipo.

"Weka jiwe chini, shemeji."

"Ukisogea nakupiga nalo."

"Wamenituma nikurudishe."

"Sirudi." "Chukua pikipiki. Niachie mwanangu tu."

Ngeleja alifungua kamba za mpira zilizomzunguka kifuani, akashusha mzigo aliobeba mgongoni, akauegemeza kwenye pikipiki ya Nyanjige ukitazama jua. Ilikuwa ile paneli ya juu ya bati. Kisha akatoa waya mfukoni, akauchomeka.

"Mpaka saa nane itakuwa imepata chaji ya kukufikisha lami," alisema, akirudi kwenye pikipiki yake. "Mimi nitawaambia ya jua ina mbio kuliko yangu. Sikukukuta."