Jeneza la Simu

Simu za kampuni hazikuuzika, ndipo wakubwa wa ng'ambo wakatuma tangazo lililowachekesha sana huko kwao: jeneza dogo jeupe lenye simu kuukuu ndani, ili mteja azike ya zamani anunue mpya. Machano, wakala wao mjini, alitakiwa alipitishe sokoni.

Hakufika hata kwenye nyanya. Fundi baiskeli mmoja aliinuka, akampokea jeneza begani.

"Pole, ndugu yangu. Mtoto hazikwi na mtu mmoja kama paka."

"Kaka, subiri, hili jeneza..."

"Nyamaza. Uchungu wa mwana tunaujua."

Wanaume wakapokezana, maduka yakafungwa, dua zikapaa. Machano akafuata nyuma. Nani angewaambia watu mia kwamba ni mchezo, akabaki na meno?

Ng'ambo jeneza huzikwa limefungwa. Hapa hufunguliwa, maiti akatolewa kwa mikono, na jeneza likarudi msikitini.

Makaburini vijana waliotangulia walikuwa wamekwisha kuchimba shimo. Watu wanne walitandaza shuka juu yake, na fundi akashuka ndani, akanyoosha mikono.

"Haya, baba yake," alisema kwa upole. "Nipe mwanao."

Machano alipiga magoti, akashika kifuniko, na watu wote wakainamisha vichwa.