Godoro la Daktari Teodora

Usijifanye hukuwepo. Ulikula pilau kwenye sherehe ya kumuaga Daktari Teodora, ukapiga makofi, kisha ukaangalia pembeni.

Miaka minne aliomba godoro moja tu la chumba cha zamu. Barua zake tatu nilizisoma mwenyewe kwenye kikao, tukajibiwa bajeti haijakaa sawa. Akitoka chumba cha upasuaji alikuwa analala kwenye benchi la wagonjwa, koti lake ndilo mto.

Alipopata kazi Dar, kamati ya kumuaga iliundwa kwa siku moja. Katibu wa hospitali akaingia ukumbini akicheza, vigelegele nyuma yake, zawadi kichwani: godoro jipya la inchi nane, bado liko kwenye nailoni.

Teodora alilibonyeza kwa kidole. Likabonyea, likainuka taratibu.

"Kumbe mnajua yanakouzwa," alisema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Daktari, pokea basi tupige picha!" katibu alihimiza.

"Mpeni yule." Alimwonyesha kwa kidole daktari pekee anayebaki, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki, sahani mapajani. "Mpeni leo, kabla hamjamfanyia sherehe na yeye."

Jumatatu katibu akalifungia stoo. Eti ni zawadi ya mtu, haliwezi kuingizwa kwenye vifaa vya hospitali bila kibali.

Yule daktari jana amelala kwenye benchi. Stoo inafungwa saa tisa na nusu. Weka simu chini, vaa viatu, twende tukalitoe.