Kigoda cha Nje

"Televisheni nzuri ibaki ndani," Ngoitiko alisema. "Hii mbovu iweke nje. Waya upite dirishani."

Fundi Inosenti alikuwa amepanda lori kutoka Karatu hadi nyumba za wafanyakazi wa hoteli, juu ukingoni mwa Ngorongoro, kwa kazi hiyo tu. Meneja alimwazima Ngoitiko deki ya video mpaka saa sita mchana, jenereta linapozimwa. Kanda ilikuwa moja, imetoka Ulaya, ambako Nareyu, mke wa Ngoitiko, alikuwa akisomea uuguzi. Miaka miwili mumewe hajamtia machoni.

"Nani atakaa nje?"

"Anakuja bibi mmoja kutoka Kakesio. Ametembea siku mbili. Naye anataka kumwona Nareyu."

Inosenti akatazama ndani: kiti kimoja kikubwa, chenye mto. Akatazama nje: kigoda, na ukungu.

"Si mkae wote ndani? Kiti cha pili nitaazima kwa jirani."

"Haiwezekani."

"Mmegombana?"

"Hata kidogo. Namheshimu sana."

Heshima ya kumweka mtu mzima kwenye ukungu, Inosenti aliwaza. Waya haukutosha, akaunga vipande vitatu. Televisheni ya nje ikaleta chenga tupu. Akafungua viungo vyote, akavifunga upya, mpaka chenga zikapungua. Kisha akavua koti lake, akalikunja, akalitandika juu ya kigoda. Angalau mama wa watu asikalie baridi.

Saa nne na nusu bibi akatokea njiani, fimbo mkononi. Ngoitiko alipomwona akageuka haraka, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji.

"Mpokee wewe, fundi," alisema kutoka huko.

Hata salamu hampi. Inosenti akameza hasira.

"Shikamoo, mama. Karibu. Umewekewa hapa," akasema, macho chini kwa aibu isiyo yake.

"Marahaba." Bibi akakitazama kigoda, akalitazama koti, akatabasamu. "Hapa si pangu, mwanangu."

Akapita moja kwa moja ndani, akaketi kwenye kiti kikubwa kama aliyekizoea. Inosenti akabonyeza deki, akatoka, na bibi akaurudishia mlango kwa fimbo.

Nje, Ngoitiko alikuwa amekwisha kukalia koti, mgongo kwenye mlango, blanketi mpaka masikioni.

Nareyu akatokea kwenye televisheni zote mbili, amevaa kofia ya sufu.

"Mama, umefika?" aliuliza. "Na wewe, mume wangu, umemketisha mama yangu vizuri?"

"Ndiyo," mama alijibu nyuma ya mlango.

"Ndiyo," mkwewe alijibu kwenye ukungu.