Talaka kwa Akili Tulivu

Sheria ilitaka ombi la talaka lisikilizwe pale tu mwombaji anapokuwa na akili tulivu. Bi Sikudhani alifika ofisi ya talaka shavu limemvimba kwa kofi la mumewe. Karani akamvalisha kichwani mkanda wa kupima ubongo, wenye taa nyekundu.

"Keti, dada. Fuata pumzi yako mpaka taa iwe ya kijani."

Kutafakari huko kwa kufuata pumzi alifundishwa tangu darasa la kwanza. Pumzi zikatulia, hasira ikayeyuka, hofu nayo ikamtoka. Taa ikawaka kijani.

"Haya, sema shida yako."

Sikudhani aliyatafuta maneno aliyokuja nayo, asiyapate. "Sina shida," akajibu kwa upole.

Karani akalifuta jina lake kwenye orodha ya waombaji, mara ya tano mwaka ule.

Nje, mumewe alikuwa akimngoja garini. Walipokaribia nyumbani, moyo wa Sikudhani ukaanza kudunda.