Sakafu ya Chumba cha Watoto

"Nimekuita uzibe ufa, fundi, wewe unaupanua!" mama mwenye nyumba alilalamika.

"Ufa hauzibwi juu juu, dada. Saruji haitashika."

Magoti yalimuuma fundi, na mgongo ulishamkatia tamaa tangu asubuhi. Alitamani kuziba, anawe, aende zake. Akagonga patasi mara ya mwisho, na sakafu ikalia kama ngoma. Akaingiza waya kwenye ufa. Ulizama mpaka vidole vyake vikagusa sakafu, wala haukukuta udongo.

"Umemaliza? Nataka kurudisha vitanda."

Fundi aliitazama ndoo ya saruji, tayari imekorogwa. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba. Ungezibika vizuri, usionekane kabisa.

Akaisukuma ndoo kando.

"Dada, watoto wasilale humu."