Ufa kwenye Herufi K

Migodini Mwezini simu hairuhusiwi. Wafanyakazi huandika barua kwa mkono. Nasra aliifungua ya mumewe, Shekue, huku mama mkwe ametega sikio.

Aliganda kwenye neno "nawakumbuka". K zote mbili zilikuwa na ufa uleule mguuni, na doa lilelile la wino. Na ufa huo aliujua: ulitoka kwenye brashi yake mwenyewe iliyochakaa, alipochora herufi za kupambia maboksi ya kahawa, zionekane za mkono, akaiuzia kampuni ya fonti za kompyuta.

Akazichakura barua za nyuma. Tangu Machi, ufa uleule; kabla ya hapo, mwandiko halisi wa Shekue. Naye alidhani ni glavu tu zimemharibia mumewe mwandiko!

"Unatafuta nini? Mwanangu anasemaje?"

"Hajambo, mama. Anatukumbuka."

"Na mwandiko wake?"

"Uleule, mama. Haubadiliki hata kidogo."