Baridi ya Kileleni

Daktari wa misheni alipofungua chupa, moshi mweupe ulimwagika mezani, ukatambaa sakafuni kama ukungu unavyoteremka Kibirichia kutoka mlimani.

"Ni hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji," alisema. "Itaua chunjua."

Mithika alinyoosha kidole. Chunjua ile ilikuwa imeshinda utomvu, wembe, hata kaa la moto. Pamba iliyochovywa ilipoigusa, chunjua ikageuka nyeupe na ngumu kama jiwe, na maumivu yakampanda mpaka kwapani. Akasahau alipo.

"Baridi hii naijua," akanong'ona kwa Kimeru. "Ni ile ya kileleni."

Hapo ndipo alipomkumbuka homgadi, mlinzi wa serikali, aliyesimama mlangoni na bunduki. Tangu serikali ya kikoloni itangaze Emajensi, ile hali ya hatari, huko juu hawakulala ila wapiganaji wa msituni, na Mithika alikuwa amewaapia askari kwamba hajawahi kuliacha shamba lake la viazi.

Daktari, asiyejua Kimeru, alichovya pamba nyingine.

Homgadi alisogea, akautia mkono wake katika ule moshi.

"Ya kileleni huuma zaidi," alisema taratibu, naye kwa Kimeru. "Hasa tukiwa tumezima moto kwa kuogopa ndege za mabomu."